Mkono Ni Kamba ya Kombeo

Mazungumzo na wanachama wa klabu ya mazoezi, Dar es Salaam, Jumamosi asubuhi baada ya mbio

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo. Naona bado mnafuta jasho na chai ya tangawizi inapoa pale mezani, kwa hiyo sitawaweka mpaka jua la utosi.

Mwenyekiti ameniita kwa sababu baadhi yenu mmeniona jioni kwenye uwanja wa shule: mzee mwenye mvi anazunguka peke yake, anatupa kitu kama mfuniko wa sufuria, anakifuata kwa miguu, anakiokota, anarudi kukitupa tena. Mama mmoja alimuuliza mke wangu kama nyumbani kuna amani. Amani ipo. Kile ni kisahani, kile cha kurusha kwenye riadha.

Nina miaka 63. Nilikishika mara ya kwanza nikiwa na 54, magoti yalipoanza kunidai kwa kila kilomita ya lami. Shuleni sikuwahi. Enzi zetu kisahani na tufe vilikuwa mali ya wale vijana wa miraba minne. Sisi wembamba tulipangiwa kupokezana vijiti. Kwa hiyo msinisikilize kama bingwa. Nisikilizeni kama mwanafunzi mwenzenu aliyewatangulia madarasa mawili matatu, akachapwa fimbo kabla yenu.

Wangapi hapa wamekulia kwenye mpunga? Haya, mikono naiona. Basi kuamia ndege mnakujua. Mpunga ukianza kuiva mtoto anaamshwa alfajiri, anapewa kombeo lake, kamba mbili za mkonge na kifuko katikati, anapanda dunguni na kukaa huko mpaka ndege wakalale. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na jiwe langu la kombeo lilikwenda mbali kuliko jiwe la baba la mkono mtupu. Baba alikuwa mpasua mbao, mabega kama mlango. Alicheka sana siku ile. Mimi sikulifikiria jambo lenyewe mpaka nimezeeka: ile kamba haina msuli hata mmoja. Kazi yake ni kuwa ndefu, kulegea na kukubali kuvutwa. Nguvu inatoka miguuni na kiunoni mwa mtoto. Ikunje kamba uone, jiwe litakuangukia miguuni.

Kisahani ndicho hicho hicho, na mkono wako ndiyo kamba.

Shida ni kwamba mtu mzima akikabidhiwa kisahani kwa mara ya kwanza anakibana kama konda anavyobana noti za asubuhi. Kiwiko kinakunjwa, shingo inakakamaa, kisha anakivurumisha kwa bega. Kinatoka kikipepesuka, kinaanguka hapo karibu, na bega linauma wiki nzima. Sisi wanaume tunaumwa ugonjwa huu zaidi, kwa sababu kila mmoja wetu ana hadithi ya jinsi alivyokuwa na nguvu ujanani. Akina mama niliowafundisha walikielewa haraka. Hawakuwa na sifa ya kuitetea.

Hebu tazameni mkono wangu. Kisahani nakilaza kwanza juu ya kiganja cha kushoto. Mkono wa kulia unakuja juu yake, vidole vimetanda. Ukingo unakaa kwenye pingili za mwisho za vidole vinne, hizo za mwisho tu. Dole gumba limelala juu ya uso wa kisahani, halibani kitu. Sasa naondoa mkono wa kushoto na kuuninginiza wa kulia. Kinataka kuanguka, nami mwili wote unataka kukibana. Sikibani. Nakipembeza mbele na nyuma, taratibu. Mnaona? Kikishapata mwendo kinajikandamiza chenyewe kwenye vidole. Mtoto anayezungusha ndoo ya maji bila kumwaga hata tone anaijua siri hii bila kufundishwa.

Baada ya hapo hurushi. Unabingirisha. Unainama kidogo, unapembeza, unakiachia kitoke mbele kikizunguka, na kidole cha shahada ndicho cha mwisho kukigusa. Kitembee kwenye nyasi kama ringi ya baiskeli. Kikienda mstari mnyoofu, umekiachia vizuri. Kikilala baada ya hatua tatu, kiganja kimegeuka. Mimi nilibingirisha wiki mbili nzima, watoto wa shule wakinicheka, kabla ya kurusha hata mara moja.

Lakini hizo wiki mbili zilikuja baada ya fimbo, na fimbo yenyewe nawaambia. Mnamkumbuka Julius Yego wa Kenya, yule wa mkuki. Alijifunza mengi kwa kutazama video kwenye intaneti, na mwaka 2015 kule Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Nikajiambia, kama Yego ameweza, mimi nina kilema gani? Nikakaa na simu usiku kucha nikimtazama Virgilijus Alekna wa Lithuania, mrusha kisahani mwenye dhahabu za Olimpiki za 2000 na 2004, akizunguka kama pia ndani ya duara. Asubuhi nikaenda uwanjani, nami nikazunguka kama pia. Mara ya kwanza nilipata kizunguzungu. Mara ya pili nikaanguka. Mara ya tatu kitu kikakatika kinenani, nikarudi nyumbani na bajaji nimekalia ubavu mmoja. Miezi miwili. Nilikuwa nimesahau kwamba Yego alikuwa kijana aliyerusha mikuki tangu utotoni, video ilimkuta na mwili tayari. Mimi video ilinikuta na mwili wa karani.

Tuje kwenye huo mwili, kwa sababu hapa ndipo penye kazi.

Umri haupunguzi nguvu zote sawasawa. Nyuzi za misuli zinazofanya kazi ya ghafla, zile za kuruka mfereji, ndizo zinazosinyaa zaidi. Zile za mwendo mrefu zinadumu. Ndiyo maana nyinyi mnamaliza kilomita 10 mkiimba, lakini mtu akikosea ngazi moja hawahi kujishika. Kisahani kinazitaka hizo za ghafla. Umbali unategemea zaidi kasi ya kisahani kinapotoka kwenye kidole, na kasi hiyo ukiiongeza kidogo umbali unaongezeka maradufu ya ulivyodhani.

Je, zinarudi? Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake huko Boston, Marekani, walichapisha habari za wazee kumi waliokuwa wakiishi kwenye makao ya kutunzia wazee, umri wao kama miaka 90. Waliwapa mazoezi mazito ya miguu kwa wiki nane. Tisa walimaliza, na nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Miaka 90, jamani. Halafu kuna bwana mmoja hapa, simtaji, ameniambia pale kwenye foleni ya chai kwamba ana 58 na amechelewa.

Warushaji wenyewe wana mzee wao, Al Oerter wa Marekani. Alitwaa dhahabu ya kisahani kwenye Olimpiki nne mfululizo, kuanzia 1956 hadi 1968. Akapumzika miaka kadhaa, kisha akarudi, na mwaka 1980, akiwa na miaka 43, akarusha mita 69.46. Dhahabu yake ya mwisho, ile ya Mexico, aliipata kwa mita 64.78. Najua, Oerter hakuwa mwanafunzi wa kwanza kama sisi, na mwili ule si wa kuazima. Namtaja kwa sababu mimi nilipofika 43 nilikuwa nimeshajiita mzee.

Sasa sikilizeni mtego. Msuli unapata nguvu ndani ya wiki chache. Kano zinazoushika msuli kwenye mfupa zinahitaji miezi. Kwa hiyo mwezi wa tatu ndio mwezi wa balaa: unajisikia kijana, uzito unakubali, unaongeza, na kano haina habari. Niliowaona wakiumia, wengi wameumia wakiwa kwenye furaha hiyo. Ongezeni pungufu ya mnavyoweza, na kila seti iacheni mkiwa bado mna uwezo wa kurudia mara mbili.

Kabla ya yote, mkapime presha na sukari, mwambieni daktari mnachotaka kufanya. Mwenye presha asizuie pumzi anaponyanyua. Toa pumzi wakati wa kuinuka, kwa sauti ukipenda. Kuzuia pumzi huku unasukuma kunaipandisha presha ghafla.

Jimu si lazima. Lita moja ya maji ni kilo moja, na hakuna nyumba hapa isiyokuwa na dumu. Anza na kiti cha mezani. Kaa, inuka bila kushika chochote, mara nane. Pumzika, rudia, mpaka seti tatu. Ikiwa rahisi, kumbatia dumu la lita 5 kifuani. Kisha la 10. Mimi leo nachuchumaa na la 20, ila ilinichukua mwaka na ushee, na dumu la 20 lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa pomoni kwa sababu maji yanacheza. Kuna siku lilinigeuza jikoni na kumwaga unga wa mke wangu. Amani iliyumba siku hiyo.

La pili ni kuinua kutoka chini. Dumu moja kila mkono. Mgongo umenyooka, nyonga zinarudi nyuma kama mtu anayesukuma mlango kwa makalio, mikono imejaa mizigo ya sokoni. Unainuka kwa nyonga, mgongo unabebwa tu. Mwenye mgongo wa zamani aweke madumu juu ya tofali ili asiinamie mbali. Ukishainuka, tembea nayo hatua 30. Akina mama waliochota maji visimani miaka 40 hapa wanatuacha mbali, nimeshuhudia.

La tatu, kupanda na kushuka kizingiti au ngazi moja, mguu mmoja mmoja. Kushuka ndiko kunakofundisha goti, kwa hiyo shuka polepole. La nne, kuvuta: shika ukingo wa meza kwa mkono mmoja, inama, vuta dumu kuelekea kiunoni. Kwa kila zoezi la kusukuma fanyeni mawili ya kuvuta. Bega la mtu mzima limeshakaa mbele kwa miaka ya kuendesha gari na kuandika.

La tano ndilo nilipendalo. Nilichukua ngozi ya mpira wa miguu uliochanika, nikaujaza matambara na mchanga, nikaushona. Una kilo 3. Simama ubavu kwa ukuta, mpira mikononi karibu na nyonga ya nyuma, kisha urushe ukutani kwa kugeuza nyonga. Mara tano tano, kwa kasi, na mapumziko ya kutosha. Hapa hatutafuti uchovu. Ukishachoka kasi imekwisha, na zoezi nalo limekwisha. Chagueni ukuta wa jirani mwenye subira.

Yote haya mara mbili kwa wiki yanatosha, na siku mbili za kupumzika katikati. Kuhusu kula sina mengi: msuli unajengwa na dagaa, maharage, mayai, maziwa. Chai na chapati peke yake ni furaha tu.

Turudi kwenye duara. Duara la kisahani lina kipenyo cha mita 2.5, na ukiliona kwa mara ya kwanza unadhani ni kubwa. Wanaotumia mkono wa kulia wafuate hivi, wa kushoto wageuze. Simama ubavu kuelekea unakorusha, mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma. Kisigino cha kulia kiwe mstari mmoja na vidole vya mguu wa kushoto. Kunja goti la kulia, uzito wote uuweke hapo. Fundi uashi akishusha timazi kutoka kidevuni mwako lipite kwenye goti na kutua kwenye vidole vya mguu wa kulia. Kifua kimegeuka nyuma, kisahani kiko nyuma kabisa, mbali na mwili.

Sasa mkono usifanye kitu. Zungusha mguu wa kulia juu ya sehemu ya mbele ya wayo, kama anayesaga mende. Goti linafuata, nyonga inafuata, kifua kinafuata. Upande wa kushoto unasimama imara kama bawaba. Mlango hauwezi kupiga kishindo ikiwa bawaba zinatembea. Mkono unaburutwa nyuma ya yote hayo, na unafika wa mwisho. Ukiwahi kukiachia, kisahani kinakwenda kulia. Ukichelewa, kinakwenda kushoto. Kwa hiyo kisahani kikikosea njia, tazama kwanza mguu uliochelewa.

Kulieleza ni rahisi, kulihisi ndiko kugumu. Mwaka juzi alikuja mama mmoja mwenye miaka 61, mstaafu, na kila nikimwambia mkono uchelewe anasema umechelewa, na haujachelewa. Nilikuwa nimekaribia kukata tamaa. Siku moja akasahau kisahani nyumbani, akasema basi leo nitatumia kanga. Akaishika kwa ncha moja, nyingine ikaning'inia nyuma yake, akasimama mkao wa kurusha na kugeuka. Kanga ikamzunguka shingoni. Akaniangalia. Akarudia. Kwenye mara ya sita au ya saba mguu ukasaga, nyonga ikaenda, na kanga ikabaki nyuma imenyooka angani, ikivutwa, mpaka mwisho ikapiga mbele kwa mlio kama wa mjeledi. Akapiga kigelegele peke yake pale uwanjani. Tangu hapo sianzishi mtu kwa kisahani. Kanga ikikutangulia, umevuta kwa mkono, na hakuna wa kubishana naye.

Kuhusu kuzunguka, nitasema machache. Kwa watu wa kiwango chetu mrusho wa kusimama unabeba sehemu kubwa ya umbali wote. Mwaka wa kwanza rusha umesimama. Ukiweza mirusho 15 bila maumivu kesho yake, ongeza hatua moja ya kuingia, kisha nusu mzunguko. Mzunguko mzima ni wa yule ambaye vifundo vya miguu na nyonga vimekubali, na kuna warushaji wa miaka 70 ambao hawauhitaji. Wala si aibu. Hukumu ya duara ni pale kisahani kilipotua, haimuulizi mtu alifikaje.

Jambo la kufurahisha: kwenye riadha ya wakongwe, ambayo duniani inaanzia miaka 35, uzito unashuka na umri. Wanaume hurusha kilo 2 mpaka miaka 49, wakitimiza 50 inakuwa kilo 1.5, na kuanzia 60 ni kilo 1. Wanawake ni kilo 1, mpaka 75 inaposhuka kuwa gramu 750. Mimi niliisubiri birthdei ya 60 kama mtoto anavyosubiri Idi. Lakini msianze mazoezi na cha mashindano. Anzeni na chepesi, hata cha mpira, ili mguu ujifunze kabla bega halijalalamika.

Na walioko hapa kutoka Bagamoyo na Kilwa, watu wa majahazi, watanisamehe kwa hili. Upepo wa omo, huo unaowapiga usoni na kuwarudisha nyuma, kwa mrusha kisahani ni neema. Kisahani kikitoka kimeinua mdomo kidogo, upepo wa mbele ukiwa wa wastani unakibeba kama bawa. Upepo wa tezi, ule wa kutoka nyuma, unakikandamiza chini. Jioni nikifika uwanjani huwa narusha nyasi juu kwanza, halafu nachagua upande wa kusimama, upepo unipige usoni.

La mwisho ndilo nisilofanyia mzaha. Kisahani kimeua watu. Hakuna mtu, mtoto wala mbuzi mbele ya mrushaji, na hakuna anayesimama pembeni yake pasipokuwa na wavu. Wote nyuma, mbali. Hakirushwi mpaka wote waliokwenda kuokota wamerudi, na hakirudishwi kwa kurushwa, kinabebwa mkononi. Uwanja wa shule jioni una watoto wa mpira, kwa hiyo mimi huenda wameshaitwa kuoga.

Haya. Chai imepoa kabisa, poleni. Nimekuja na mfuko una visahani vinne, na naona wenye hamu wanautupia macho. Utabaki umefungwa leo. Mama, wewe uliyejifunga ya bluu, na dada yako hapo, tuazimeni hizo kanga mbili. Bwana wa 58, wewe ndiye wa kwanza. Njoo hapa kwenye nyasi, mguu wa kushoto mbele. Shika ncha. Sasa kidevu kije nyuma, juu ya goti la kulia. Bado. Bado kidogo. Hapo. Saga mende.